SOMO: Baiskeli ya Kwanza ya Kikundi, Tusinunue Rangi



Mwezi uliopita kikundi kimoja cha akina mama upande wa Subukia kiliniita mkutanoni. Walikuwa wamechanga kidogo kidogo kwa mwaka mmoja na nusu, na sasa walitaka kununua baiskeli ya kupelekea maziwa na mayai barabarani. Mweka hazina alikuwa na pesa kwenye bahasha. Mwenyekiti alikuwa ameshaiona baiskeli yenyewe mjini Nakuru, nyekundu, ina springi mbele na nyuma, na gia 21. Wakaniuliza, "Mwalimu, si hii ni nzuri?"

Nilinyamaza kidogo, kwa sababu swali hilo niliwahi kulijibu vibaya. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii niliwasindikiza vijana wa kikundi kingine kununua baiskeli ya namna hiyo hiyo, kwa mchuuzi wa kando ya barabara. Ilikuwa inang'aa. Bei ilikuwa chini, sisi tukafurahi. Hatukuuliza risiti wala hatukuita fundi. Wiki ya tatu, ikiwa imebeba nusu gunia la viazi, ilikatika pale chini ya shingo, na kijana aliyekuwa akiiendesha akapoteza meno mawili ya mbele. Tulipokwangua rangi tukaona bomba lilikuwa limechomelewa zamani na kupakwa upya. Muuzaji hatukumwona tena. Ile pesa ilikuwa hasara, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba ilichukua karibu mwaka mzima kabla ya wale vijana kuaminiana tena kwa mambo ya pesa. Kila mmoja alisema ni mwingine aliyeichagua. Kwa kweli niliyeichagua ni mimi.

Kwa hiyo somo la leo nimeliandika kwa makini. Msome pamoja, na ikiwezekana msome baiskeli yoyote ya jirani ikiwa imesimama katikati yenu, mshike kila kitu kwa mikono.

KWA NINI BAISKELI, NA PIKIPIKI ZIMEJAA?

Hata neno bodaboda lilianza na baiskeli, kule mpakani Busia, vijana wakibeba watu na mizigo kutoka upande wa Kenya hadi upande wa Uganda. Pikipiki zilikuja baadaye zikachukua kazi na jina. Lakini pikipiki inakunywa petroli, na mnakumbuka Septemba 2023 bei ya petroli ilipita shilingi 200 kwa lita. Nauli ya pikipiki ikapanda, bei ya maziwa haikupanda hivyo.

Hebu tufanye hesabu ya mfano tu, nyinyi mtaweka bei za kwenu. Tuseme mnamlipa mtu wa pikipiki shilingi 100 kila asubuhi, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 2,600. Baiskeli ikiwagharimu shilingi 12,000 pamoja na vifaa vyake, imerudisha pesa yake kabla ya mwezi wa tano kwisha. Ikivunjika mwezi wa kwanza, haijarudisha kitu. Ndiyo maana kuchagua ni kazi.

ULIZENI KAZI KABLA YA BEI

Wengi tunaanza kwa kuuliza, "Ni pesa ngapi?" Anzeni kwa kuuliza itabeba nini, kilo ngapi, na kwenye barabara gani.

Lita moja ya maziwa ina uzito wa zaidi kidogo ya kilo moja. Basi debe la maziwa la lita 40 likijaa ni kilo 41 bila kuhesabu chombo chenyewe. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20 na zaidi. Gunia la viazi, tangu kanuni za mwaka 2019, halitakiwi kupita kilo 50. Ongeza mwenye kuendesha, kilo 60 au 70. Sasa mnaona baiskeli hiyo imebeba zaidi ya kilo 100 kwenye mawe, na spoki ndizo zinazoumia.

Tena barabara zetu hazifanani. Mtu wa Naivasha anayekwenda kazini kwenye mashamba ya maua ana lami na tambarare, mzigo wake ni chakula cha mchana. Mtu wa Rongai ana tambarare na vumbi. Mtu wa Molo au Elburgon ana matope ya kunasa mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Na nyinyi wa Dundori na Subukia mna milima, kupanda ni kusukuma, kushuka ni kuomba breki zisikatae. Baiskeli inayomfaa yule wa Naivasha inaweza kumwua yule wa Subukia. Sisemi hivi kwa kutisha.

AINA TUNAZOZIONA SOKONI

Ya kwanza ni ile nyeusi, Black Mamba. Umbo lake ni la zamani, lilitoka Uingereza, siku hizi nyingi zinatoka India na China. Ni ya chuma, nzito, kilo 20 hivi, gia moja, breki za fito. Uzuri wake ni kwamba hakuna fundi hapa Bonde la Ufa asiyeijua. Fremu ikipata ufa, jua kali anaichomelea. Spoki, koni, goroli, vyote vinapatikana hata kwenye soko dogo. Gurudumu la nyuma kwa kawaida lina spoki 40, la mbele 32. Hesabuni. Ubaya wake ni breki. Mvua ikinyesha, mpira wa breki unateleza juu ya rimu ya chuma iliyolowa, na baiskeli inaendelea na safari kana kwamba hukushika kitu.

Ya pili ni Buffalo, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya vijiji vya Afrika na shirika la World Bicycle Relief lililoanza mwaka 2005. Hapa Kenya zinaunganishwa Kisumu. Keria yake imeundwa kubeba kilo 100, na breki ya nyuma iko ndani ya habu, unakanyaga pedali kurudi nyuma, kwa hiyo mvua haiisumbui. Bei yake ni ya juu kuliko Black Mamba ya mkono wa pili. Kikundi kinachobeba mizigo kila siku kifikirie kungoja miezi michache na kuongeza mchango.

Ya tatu ni mitumba kutoka Ulaya, inayoshuka Mombasa kwenye makontena. Hapa kuna bahati na kuna taabu. Unaweza kupata baiskeli nyepesi yenye gia nzuri, inayopanda mlima kwa raha, kwa bei ya chini kuliko mpya. Lakini nyingi ni za alumini. Alumini ni nyepesi, haishiki kutu, ila ikipasuka jua kali wa kawaida haiwezi. Anayejaribu kuichomelea kwa mashine ya chuma anaharibu kabisa.

Ya nne ni hizo mpya za rangi, zenye springi mbele na nyuma. Maoni yangu ni kwamba kikundi cha mzigo kiziache. Springi ya nyuma haikubali keria ya maana, na kila ukikanyaga nguvu nyingine inaishia kwenye springi. Mtoto wa mjini atafurahia, sawa.

Na ile nyembamba ya mashindano, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo? Vijana wananiuliza sana. David Kinjah kule Kikuyu amefundisha vijana wengi kuendesha hizo, na mmoja wao, Chris Froome aliyezaliwa Nairobi, alishinda Tour de France mara 4, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Kwa hiyo siwakatazi. Kijana wa lami anayetaka mazoezi, au anayefanya kazi mbali bila mzigo, inamfaa, na iliyotumika ya chuma ni bora kwake kuliko mpya ya bei rahisi. Lakini taya zake ni nyembamba, kokoto za barabara za ndani zitampa pancha kila siku, na spoki zake ni chache. Isiwe ya kikundi cha maziwa.

MTEGO WA NAMBA ZA TAYA

Hapa wengi wanaanguka. Taya ina namba ubavuni. Ile ya Black Mamba imeandikwa 28 x 1½. Ile ya mtumba wa mbio inaandikwa kama 700 x 28C, na watu wengi, hata wauzaji, wanaiita pia "ishirini na nane". Haziingiliani! Tafuteni namba ndogo ya tarakimu tatu, ndiyo kipimo cha kweli cha rimu kwa milimita. Ya Black Mamba ni 635, ya mbio ni 622. Tofauti ni milimita 13 tu, na milimita hizo 13 zinatosha kufanya taya mpya ikatae kuingia au ichomoke ukiwa safarini. Hata "ishirini na sita" ziko mbili. 26 x 1.95 ya baiskeli ya mlimani ni 559, na 26 x 1⅜ ya baiskeli nyingi za kike za zamani ni 590.

Basi kabla ya kununua, andikeni ile namba kwenye karatasi, mwende kwa muuza vipuri wa soko la karibu na nyumbani, si wa mjini, mumwulize, "Unayo hii?" Akikuna kichwa, mmejibiwa.

GIA MOJA SI LAZIMA IWE GIA NGUMU

Jambo hili watu wengi hawalijui, na ni la bei ndogo. Hesabu meno ya sproketi ya mbele, hesabu ya friwili nyuma. Tuseme mbele ni 44 na nyuma ni 18. Gawanya, unapata 2.44. Maana yake ni kwamba pedali ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara mbili na nusu hivi. Gurudumu la 28 likizunguka mara moja linatembea karibu mita 2.2, kwa hiyo kila mzunguko wa pedali unakusukuma mita 5.4. Sasa mwambie fundi aweke friwili ya meno 22. Unapata mbili kamili, mita 4.4. Unakwenda polepole kidogo kwenye tambarare, lakini mlimani mguu unapata nafuu kubwa. Cheni inaweza kuhitaji kuongezwa pingili. Akina mama wa Subukia niliwaambia hivi, wakacheka, wakasema wamekuwa wakisukuma miaka yote bure.

KUIKAGUA

Nendeni watatu, mmoja awe fundi mnayemlipa nyinyi. Fundi anayesimama na muuzaji msimsikilize sana. Mbebe rula ya shule yenye inchi 12, sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio kuukuu, kitambaa, na maji kwenye chupa. Nendeni asubuhi, si jioni giza likiingia na gari la mwisho linapiga honi.

Pangusa fremu kwa kitambaa chenye maji. Angalia chini ya shingo, pale mabomba mawili yanapokutana, na kuzunguka ekseli ya pedali. Rangi iliyokunjamana kama ngozi ya uji uliopoa ina maana bomba lilijikunja baada ya kugonga kitu. Mstari mwembamba wa kutu ni ufa. Kama fremu ni ya chuma, pitisha sumaku polepole. Mahali inapoachia ghafla, pamejazwa siyo chuma. (Alumini haishiki sumaku popote, msije mkamkasirikia muuzaji bure.) Sumaku hii ingaliokoa meno mawili ya yule kijana.

Mwaga maji kidogo kwenye udongo mkavu, mmoja aisukume baiskeli apite hapo kisha aende moja kwa moja. Mwangalie alama za taya. Mstari mmoja ni vizuri. Mistari miwili inayoambatana ina maana fremu au foku imepinda, na hiyo haitanyooka kwa maneno ya muuzaji.

Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia inagonga shingoni, goroli zimelegea au vikombe vimekwisha. Inua gurudumu, lizungushe, uangalie nafasi kati ya rimu na mpira wa breki. Likicheza kidogo, fundi atalinyoosha kwa spoki. Likiruka juu na chini, rimu imegonga shimo. Lishike juu ulitikise kulia na kushoto ujue koni. Halafu shika mikono ya pedali uivute kuja kwako na kuisukuma. Kotapini iliyolegea ni pesa kidogo, ekseli iliyoliwa ni pesa zaidi.

Sasa ile rula. Weka sifuri katikati ya pini moja ya cheni, uivute cheni inyooke. Cheni mpya, alama ya inchi 12 inaangukia katikati kabisa ya pini nyingine. Pini ikiwa imepita kwa 1/16 ya inchi, yaani milimita moja na nusu hivi, cheni ibadilishwe. Ikiwa imepita kwa 1/8, milimita 3, hata meno yamekwisha, mkiweka cheni mpya peke yake itaruka. Hilo msiliache liwafukuze, ila mlitoe kwenye bei.

Mwisho, mwagieni rimu maji, mmoja aiendeshe polepole na kushika breki. Tena mahali pa usalama, mbali na magari. Mteremko wa kutoka Bahati kushuka Subukia si mahali pa kujaribia. Kama breki za fito zinashindwa na maji hayo kidogo, siku ya mvua na debe la maziwa nyuma itakuwaje?

IMPIME MTU, SI MTU AIPIME

Baiskeli ya kikundi inaendeshwa na warefu na wafupi. Chukueni yule mfupi kuliko wote watakaoiendesha. Asimame, miguu yote miwili chini, bomba la juu likiwa katikati ya miguu. Libaki na nafasi ya vidole vitatu au vinne. Ikikosekana, siku atakaposimama ghafla ataumia pabaya. Kiti kinapanda na kushuka, fremu haibadiliki. Kipimo cha kiti ni hiki: ukiweka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke.

Hapa kuna jambo ambalo mkutanoni halikusemwa mpaka nilipouliza. Kati ya wale akina mama kumi na tisa, wanne tu waliwahi kuendesha baiskeli. Mmoja alisema, "Mzee wangu hatakubali nipande juu ya kitu kama mwanamume." Mwingine akasema basi kijana wake ataendesha. Nikauliza, kijana huyo akipata kazi Nakuru, baiskeli ni ya nani? Palikuwa kimya. Baadaye wakakubaliana watafute yenye bomba lililoshuka, iwe na kava ya cheni ili nguo isishikwe, na wajifunze Jumamosi kwenye uwanja wa shule wakati watoto wameondoka. Mama mmoja wa miaka 58 alisema yeye atakuwa wa kwanza. Na yule mwenye mzee mkali, alikaa kwanza. Sikumsukuma. Ana nyumba yake ya kuishi.

KARATASI

Kila baiskeli ina namba iliyogongwa kwenye chuma, mara nyingi chini ya ekseli ya pedali au chini ya kiti. Ikiwa imefutwa kwa tupa, ondokeni, hata ikiwa bei ni ya kupendeza. Kupokea mali ya wizi ukijua ni kosa la jinai, na polisi hawataamini kirahisi kwamba hamkujua. Andikisheni hati ya mauziano, yenye namba hiyo, bei, tarehe, jina na namba ya kitambulisho cha muuzaji, na sahihi za mashahidi wawili. Namba iandikwe pia kwenye kumbukumbu za mkutano.

MSIMALIZE PESA YOTE

Mimi huwa nasema, katika kila shilingi 4, moja ibaki nyumbani. Mkiwa na 12,000, baiskeli isipite 9,000. Zile 3,000 ni za kufuli nzuri, pampu, spana, solusheni na viraka, mipira ya breki, taa na kioo cha nyuma cha kurudisha mwanga. Kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, hasa Salgaa na Sachangwan ambako malori hushuka na breki zikashindwa, msiende usiku hata mkiwa na taa.

Kila anayeitumia kwa shughuli yake alipe kidogo kwenye kopo la matengenezo, na mtu mmoja tu ndiye aweke mafuta kwenye cheni kila wiki. Watu kumi na tisa wakiwa wote na jukumu la mafuta, cheni itakauka.

Ile baiskeli nyekundu tulikwenda kuiona. Tulimwuliza muuzaji keria tutaifunga wapi, akasema tufunge kwa kamba. Bahasha ikarudi Subukia vile ilivyokuja. Wiki ya pili fundi alipata Black Mamba ya mkono wa pili, fremu nzuri, cheni imekwisha, na muuzaji akapunguza shilingi 800 alipoonyeshwa rula. Bomba la juu halikushuka, kwa hiyo bado wanabishana.

MASWALI YA KUJADILIANA

Mzigo wetu mzito kuliko wote ni kilo ngapi, na unakwenda kilomita ngapi?

Fundi wa karibu ana taya ya namba gani dukani leo?

Kati yetu ni nani hawezi kuendesha, na ni nani atamfundisha, lini?

Kama nyinyi mngekuwa wale mama wa Subukia, mngechukua ile Black Mamba ya bomba la juu, au mngengoja?